Uzito wa Chuma: Fani Inavyobeba Maudhui katika Nyimbo za Black Sabbath

Mtu akizisoma nyimbo za Black Sabbath karatasini bila kuzisikia, atakuwa na haki ya kusema kwamba si ushairi wa kiwango cha juu. Mizani inayumba, vina vingine vimelazimishwa, na taswira za moto, kaburi na shetani zinarudiwa hadi zinapungua makali. Hivyo ndivyo wahakiki wengi wa muziki walivyolipokea kundi hili la Uingereza mwaka 1970. Lester Bangs, akiandika katika jarida la Rolling Stone, aliiona albamu yao ya kwanza kuwa mwigo dhaifu wa kundi la Cream. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, kundi lililodharauliwa ndilo linalotajwa kuwa chimbuko la muziki wa hevi metali, na nyimbo zake zinapigwa na vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa zilipotungwa. Makala haya yanashikilia kwamba waliozidharau nyimbo hizi walipima maneno wakaacha sauti, ilhali sehemu kubwa ya maana imo ndani ya sauti yenyewe.

Suala hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mjadala wa uhusiano wa fani na maudhui umefananishwa na kikombe na chai, kisha wengine wakaukataa mfano huo na kuleta ule wa sarafu yenye sura mbili. Mfano wa kikombe una kasoro inayojulikana: unaashiria kwamba chai inaweza kumiminwa katika chombo kingine ikabaki chai ile ile. Mifano ya fasihi andishi inayotumiwa kuusahihisha, hata hivyo, mara nyingi huishia katika maneno tena, yaani maneno ya fani dhidi ya maneno ya maudhui. Nyimbo za roki zinalipeleka suala hili mbali zaidi, kwa kuwa ndani yake kuna msemaji mwingine asiyetumia neno hata moja, naye ni gitaa.

Mkono na kiwanda

Aston ni mtaa wa wafanyakazi katika jiji la Birmingham, jiji ambalo kwa vizazi vingi liliishi kwa kufua, kukata na kuunganisha metali. Tony Iommi (gitaa), Geezer Butler (gitaa la besi), Bill Ward (ngoma) na Ozzy Osbourne (mwimbaji), waliounda kundi hili mwaka 1968, walizaliwa kati ya mwaka 1948 na 1949, na utoto wao ulipita miongoni mwa magofu. Viwanda vya Birmingham vilikuwa vimeshambuliwa sana kwa mabomu ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, na baadhi ya viwanja vilivyobomolewa vilikaa hivyo kwa miaka mingi. Kazi zilizowangoja vijana wa huko zilijulikana mapema. Osbourne, kwa mfano, alipata kufanya kazi machinjioni.

Iommi alikuwa na umri wa miaka kumi na saba alipopata ajali iliyoamua sauti ya kundi hili kabla halijazaliwa. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bamba za chuma, na siku ile ilikuwa ya mwisho kwake kazini, kwa sababu alikuwa anaacha ili aishi kwa muziki. Aliwekwa kwenye mashine ambayo hakuizoea, ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia: kidole cha kati na cha pete. Kwa mpiga gitaa wa kawaida hasara hiyo ingevumilika, maana mkono wa kulia hukung'uta nyuzi tu. Iommi ni mashoto. Mkono wa kulia ndio anaobonyezea nyuzi, na bila ncha za vidole hivyo hana gitaa.

Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi, lakini maana yake katika uhakiki haijazingatiwa vya kutosha. Msimamizi wa kiwanda alimpelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa asili ya Kiroma aliyeungua mkono na kulazimika kutegemea vidole viwili katika kubonyeza nyuzi. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga kuwa kastabini mbili na kuzivika ngozi. Nyuzi za kawaida zikawa ngumu mno kwa vidole vyenye kastabini, hivyo akatafuta nyuzi nyembamba, zikiwemo za banjo. Baadaye alizilegeza zaidi. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, baadhi ya nyimbo, ukiwemo Children of the Grave, zinapigwa kwa gitaa lililoshushwa nusutoni tatu. Uzi uliolegea hubonyezeka kwa urahisi. Pia hutoa sauti nzito zaidi, yenye kutikisika, inayosikika kifuani kabla ya kusikika sikioni.

Hapa inafaa kuhadhari. Ni rahisi kusema kwamba ajali ndiyo iliyozaa mtindo, na maelezo ya namna hiyo yanapendeza kwa sababu yanafanana na ngano. Reinhardt mwenyewe ni ushahidi wa kuyapinga. Naye alijeruhiwa, lakini muziki wake ni mwepesi, wa mbio na wa furaha. Majeraha mawili yanayokaribiana yalizaa sauti mbili zilizo mbali kama mchana na usiku. Ajali ilimnyang'anya Iommi njia fulani. Njia aliyoichagua kati ya zilizobaki ilitoka kwingine. Alichagua kupiga sauti mbili tu kwa pamoja badala ya nyingi, na kuzijenga katika rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa hadi kinakuwa uti wa mgongo wa wimbo. Marudio hayo, kwa uzito na mwendo wake, yanafanana sana na mashine inayoshuka na kupanda juu ya bamba la chuma. Mtu anayeyasikia bila kujua lolote kuhusu Birmingham anahisi kwamba kuna kitu kikubwa kinafanya kazi karibu naye na hakitasimama kwa ajili yake.

Wimbo wa Iron Man, uliomo katika albamu ya Paranoid ya mwaka 1970, unaonyesha jambo hili waziwazi. Kisa chake ni cha mtu aliyesafiri hadi wakati ujao akauona mwisho wa dunia. Aliporudi kuwaonya watu aligeuka chuma njiani, akashindwa kusema, wakampuuza na kumcheka; mwishowe akawaangamiza yeye mwenyewe. Kikisomwa peke yake, kisa hiki ni cha kitabu cha katuni. Lakini msikilizaji makini atagundua kwamba melodia ya Osbourne haina njia yake: inalifuata gitaa hatua kwa hatua, ikipanda linapopanda na kushuka linaposhuka. Sauti ya binadamu imefungwa ndani ya rifu. Mtu wa chuma anayesimuliwa katika maneno anasikika, wakati huo huo, katika sauti ya mwimbaji aliyenyimwa uhuru wa melodia. Kwa wana wa mji ambao mwili wa mfanyakazi ulikuwa sehemu ya mashine, na ambao mmoja wao alikuwa ameachia mashine sehemu ya mwili wake, hii haikuwa njozi ya kubuniwa tu.

Neno moja, maana mbili

Kama kuna wimbo mmoja unaostahili kuwekwa mbele ya mhakiki mwenye mashaka, ni War Pigs. Unafungua albamu ya Paranoid na unakaribia dakika nane. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea ulipotungwa, na shabaha yake ni majenerali na wanasiasa wanaopanga vita kisha wakawaachia maskini kazi ya kufa.

Wimbo huu umechekwa kwa miaka mingi kwa sababu mistari yake miwili ya mwanzo inaishia kwa neno lile lile. Wachekaji wanasema mtunzi aliishiwa vina. Butler, aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya kundi, hakustahili kicheko hicho. Neno analolitumia ni moja kwa umbo, lakini katika Kiingereza lina maana mbili: umati wa watu, na misa ya ibada. Mara ya kwanza linawahusu majenerali waliokusanyika kwa wingi. Mara ya pili linahusu ibada ya wachawi inayoigeuza misa ya kanisa. Kwa kulikinisha neno na lenyewe, mtunzi anaulazimisha mkutano wa maofisa wa jeshi na mkutano wa wachawi kuwa kitu kimoja hata katika sikio. Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako neno moja kubeba maana mbili katika beti za mafumbo ni umahiri, atashangaa kwamba jambo hili liliitwa udhaifu.

Muundo wa wimbo ndio unaoikamilisha hoja. Mwanzoni unasikika mwendo wa polepole, na juu yake king'ora cha kutahadharisha mashambulizi ya ndege. Kwa msikilizaji wa Marekani mwaka 1970, king'ora hicho pengine kilikuwa pambo la kutia hofu. Kwa watu wazima wa Birmingham kilikuwa kumbukumbu. Kisha vyombo vinanyamaza ghafla. Ward anabaki na matoazi akihesabu wakati, gitaa linadondosha mapigo mawili mazito, na katika nafasi tupu iliyobaki Osbourne anatoa mashtaka yake karibu peke yake. Huu ni mpangilio wa mahakama. Shahidi anasema, chumba kinanyamaza, nyundo inagonga, shahidi anaendelea. Wanapofikia ubeti wa mwisho, mahakama inahama duniani: Mungu anawahukumu wenye vita, nao wanatambaa kwa magoti wakiomba rehema. Baada ya hukumu hakuna neno tena. Vyombo vinaendelea vyenyewe hadi mwisho, ambako mkanda uliongezwa kasi studioni na muziki ukapaa juu kama kitu kilichovutwa ghafla. Mbinu hiyo ya mwisho inaudhi kidogo, na wimbo ungeweza kufa vizuri bila yake.

Albamu ilikuwa imekusudiwa kuitwa War Pigs. Ilibadilishwa jina kuwa Paranoid baada ya wimbo wenye jina hilo kufanikiwa, na ndiyo maana jaladani kuna mtu mwenye upanga na ngao ambaye hana uhusiano wowote na jina lililo juu yake. Wimbo wa Paranoid wenyewe ulitungwa haraka mwishoni ili kujaza nafasi iliyobaki, na haufiki dakika tatu. Ukashika nafasi ya nne katika chati za Uingereza. Maneno yake ni ungamo la mtu mwenye sonona, asiyeweza kufurahi wala kueleza kwa nini, na neno lililo jina la wimbo halitamkwi humo hata mara moja. Mwaka 1970 vijana wa kiume wa tabaka la wafanyakazi hawakuwa na lugha ya kuzungumzia hali hiyo hadharani. Wimbo unawapa lugha, lakini unaificha ndani ya mwendo wa kasi unaoruhusu watu kuruka na kupiga kelele. Hand of Doom, katika albamu hiyo hiyo, unafanya kinyume: unaanza kwa besi ya chini inayonyata, kisha unalipuka, kama sindano inayosimuliwa. Unahusu askari wa Marekani waliotoka Vietnam wakiwa watumwa wa heroini.

Tuhuma ya shetani

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako mahubiri dhidi ya muziki wa roki yamesikika makanisani na kwingineko, pengine hili ndilo swali la kwanza. Jina la kundi lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963 ambayo Boris Karloff alikuwa miongoni mwa waigizaji wake. Ndani ya jalada la albamu ya kwanza, iliyotoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970, kulikuwa na msalaba uliopinduliwa. Ushahidi unaonekana kutosha.

Lakini msalaba ule uliwekwa na kampuni ya kurekodi bila ya kundi kushauriwa. Misalaba waliyoivaa wanamuziki wenyewe ilikuwa imesimama wima, ya alumini, na ilitengenezwa na baba yake Osbourne, fundi wa kiwandani. Muhimu zaidi ni nafsineni wa wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, unaoitwa pia Black Sabbath. Gitaa linapiga sauti tatu tu, na kati ya mbili kuna umbali wa toni tatu, umbali ambao wananadharia wa kale wa Ulaya waliubandika jina la shetani kwa sababu sikio halipati pa kutulia. Juu ya sauti hizo anasimama mtu aliyeona umbo jeusi mbele yake, akaogopa, akakimbia, akamlilia Mungu amsaidie. Mtu anayeabudu shetani hamkimbii. Butler alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki, na katika After Forever wa mwaka 1971 aliandika wimbo unaokaribia kuwa mahubiri, ukimwuliza msikilizaji anayedharau imani kama atathubutu kufanya hivyo saa ya kufa. Shetani yumo katika nyimbo hizi kama alivyo katika tenzi nyingi za dini: ni jina la uovu ulio kazini duniani, na katika War Pigs makao yake ni makao makuu ya jeshi.

Inapaswa kukubaliwa kwamba kundi lilifaidika na kutisha kwake, na kwamba miaka ya mwisho ya kipindi cha Osbourne, kabla hajafukuzwa mwaka 1979, haikuwa na nguvu ya ile minne ya mwanzo. Ujio wa Ronnie James Dio ulileta mwimbaji bora zaidi kwa kipimo chochote cha ufundi, na Heaven and Hell ya mwaka 1980 ni albamu nzuri. Hata hivyo ni albamu ya kundi jingine lenye jina lile lile.

Ukoo

Athari ya Black Sabbath kwa Metallica haihitaji kuthibitishwa. Metallica ndio waliowakaribisha katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2006. Makundi ya Seattle ya miaka ya tisini, Soundgarden likiwa mbele, yalichukua ule mwendo wa polepole, na kuna tawi zima la metali ambalo halifanyi jambo jingine ila kuipanua Master of Reality. Jijini Nairobi, kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lao ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona kuwa la mnyama lilichaguliwa kwa maana ya giza katika Kikuyu. Muziki wao umekwenda mbali sana na Birmingham, umejaa kompyuta na kasi isiyo ya kawaida, na haufai kuitwa mwigo. Ila wazo kwamba uzito na mkwaruzo wa sauti unaweza kuwa ndio usemi wenyewe, kabla ya neno lolote kueleweka, lina asili, na asili yake inafahamika.

Mfano unaoitia hoja ya makala haya majaribuni ni Changes, wa albamu ya Vol. 4 ya mwaka 1972. Hauna gitaa zito. Una piano na maneno mepesi ya mtu aliyeachwa na mpenzi. Katika kundi la Black Sabbath ni wimbo wa kawaida, na baadhi ya wapenzi wao huuruka. Charles Bradley, mwimbaji wa soul wa Marekani aliyepata umaarufu akiwa mtu mzima baada ya maisha ya dhiki, aliuimba upya na kuuelekeza kwa mama yake aliyefariki. Alibadili machache tu katika maneno, lakini sauti yake iliyochanika, pamoja na vyombo vya upepo nyuma yake, iliugeuza kuwa maombolezo ambayo mtu huyasikia kwa shida bila kulia. Hapa chai ilimiminwa katika kikombe kingine, na inaelekea kuuthibitisha mfano uliokataliwa mwanzoni. Lakini kilichonyweka hakikuwa chai ile ile. Bradley aliweka mwili wake mwenyewe ndani ya wimbo, kama Iommi alivyouweka wake katika Iron Man, na wimbo ukapata maana ambayo Butler hakuiandika.

Tarehe 5 Julai 2025 wanne wa awali walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, uliopo Aston, mtaa ule ule walimokulia. Ward alirudi kwenye ngoma baada ya takriban miaka ishirini ya kutopiga nao, na Osbourne, aliyedhoofishwa na maradhi, aliimba akiwa ameketi. Walipiga nyimbo nne tu: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid, zote za mwaka 1970. Siku kumi na saba baadaye Osbourne alifariki dunia. Usiku ule wa Villa Park, sauti yake ilipokatika katikati ya mistari, umati uliimalizia. Na chini ya sauti za wote, rifu za Iommi ziliendelea kushuka na kupanda, zikibonyezwa kwa vidole viwili vilivyovikwa kastabini.